Kabla Hujaongeza Kifurushi, Sogeza Ruta

Watu wakishajua kwamba unapenda kuchokonoa mitambo, wanakugeuza fundi wa ukoo mzima. Lalamiko ninaloletewa kuliko yote ni moja: nalipia intaneti ya kasi, lakini nikiingia chumbani video inazunguka tu. Na mara nyingi mlalamikaji huwa ameshajiandikia dawa kabla hajaniuliza, anataka tu nimuunge mkono. "Shemeji, nikipanda hadi kile kifurushi kikubwa si itatulia?" Nami humjibu kwa swali: umepima ukiwa wapi?

Swali hilo huwaudhi, lakini ndilo lenye jibu. Intaneti ya nyumbani ina vipande viwili. Cha kwanza kinatoka kwa kampuni inayokuuzia huduma na kuishia kwenye ruta, kile kisanduku chenye taa, iwe inakuja kwa waya wa faiba, kwa waya wa simu au kwa laini ya 4G. Cha pili kinatoka kwenye kisanduku hadi kwenye simu uliyoshika, nacho kinapita hewani, katikati ya kuta zako na makabati yako. Bili ya mwezi inahusu kipande cha kwanza. Cha pili ni chako mwenyewe, na kampuni haikioni. Kama kilichoharibika ni cha pili, hata wakuletee kasi mara kumi ya hiyo, chumbani hali itakuwa ileile.

Kuvitenganisha hivi viwili si kazi kubwa. Chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa waya wa netiweki, ule wenye kichwa cha plastiki kinacholia "tak" kikishika. Zima Wi-Fi ya kompyuta, waambie waliomo ndani waache kutazama video kwa dakika mbili, kisha pima kasi. Hiyo ndiyo inayoingia nyumbani kwako. Sasa chomoa waya, washa Wi-Fi, pima ukiwa palepale. Halafu nenda kule mnakolalamikia upime tena. Namba ya waya ikiwa mbaya, wapigie simu kampuni na uwaambie waziwazi kwamba umepima kwa waya, saa ngapi, na umepata ngapi. Hapo huwa hawana nafasi ya kukwambia uzime ruta na kuiwasha tena halafu mazungumzo yaishe. Namba ya waya ikiwa nzuri na ya chumbani mbaya, usimpigie mtu. Kazi iko ndani.

Tukiwa bado kwenye namba, mbili kati yake zinawapoteza wengi. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali kompyuta ikipakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Laini ya megabiti 40 ikipakua kwa megabaiti 5 kwa sekunde, hujaibiwa. Namba ya pili ni ile ya kwenye boksi la ruta. Ruta inayouzwa kama AC1200 imejumlisha megabiti 300 za masafa ya chini (gigahezi 2.4) na 867 za masafa ya juu (gigahezi 5), kisha jumla ikapandishwa kidogo ili isomeke vizuri. Simu ya kawaida huunganishwa kwenye masafa mamoja kwa wakati, na hata hizo 867 ni kasi ya hewani kabla ya gharama za mawasiliano yenyewe; kinachokufikia kikiwa zaidi kidogo ya nusu, shukuru. Mahitaji nayo si makubwa kama matangazo yanavyotaka uamini. Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa video ya HD kamili na 15 kwa 4K. Nyumba ya watu wanne haihitaji mamia ya megabiti ili kila mtu atazame chake.

Sasa tuje kwenye kisanduku. Ruta nyingi zinakaa mahali zilipo kwa sababu moja tu: hapo ndipo fundi alipotoboa ukuta. Fundi ana wateja wengine wanamsubiri. Waya unaingilia karibu na mlango au pembeni ya dirisha, ruta inafungwa hapohapo, taa zinawaka kijani, weka sahihi hapa, kwaheri. Baadaye mwenye nyumba anaona kisanduku kile kinamharibia sebule, anakitia ndani ya kabati nyuma ya televisheni, anafunga mlango wa kabati, na juu yake anaweka chombo cha maua chenye maji. Ukitaka kuidhoofisha ruta kwa makusudi, usingepanga vizuri zaidi ya hapo.

Mawimbi ya Wi-Fi ni redio. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na kwenye gigahezi 5 linakaribia sentimita 6. Mbao na mbao za jasi yanapita bila taabu. Kwenye matofali yanachoka. Zege lenye nondo huyapunguza vibaya, hasa ukuta ukiwa mnene. Chuma hakipitiki kabisa, mawimbi yanarudi yalikotoka, na nyuma ya televisheni bapa kuna bamba pana la chuma. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, kwa hiyo nacho kwa mawimbi ni ukuta wa chuma. Maji huyameza, na hapa hesabu tangi la samaki na sisi wenyewe, maana miili yetu sehemu kubwa ni maji.

Usiamini vile vijistari vya kwenye simu, kila mtengenezaji anavichora apendavyo. Kwenye Android zipo programu nyingi za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba. Kwenye kompyuta ya Mac shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi, itatokea. Namba hiyo huwa hasi, kwa kipimo cha dBm, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Ikishuka kwa 3, nguvu imekatika nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Video na simu za sauti hutulia kwenye −67 au juu yake. Ukishapita −75 kuelekea −80, usitegemee kitu.

Nimewahi kutembea na simu namna hiyo kwenye nyumba ya rafiki aliyekuwa tayari kubadili kampuni. Mbele ya ruta ilisoma −38. Katikati ya sebule −50, kwenye korido −61, hakuna la ajabu. Nikavuka mlango wa chumba cha kulala, na ndani ya hatua mbili namba ikaporomoka hadi −79. Kati ya ruta na kitanda lilikuwa limesimama kabati la nguo lenye milango ya vioo kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Kutoka −61 hadi −79 ni pengo la 18, yaani nguvu iliyobaki kitandani ilikuwa kama sehemu moja ya sitini ya ile ya koridoni. Kabati hatukuligusa, lilikuwa zito na lina mwenyewe. Tuliitoa ruta nyuma ya televisheni, tukaipandisha juu ya rafu upande wa pili wa sebule, mahali ambapo mstari wa kwenda chumbani unapita mlangoni badala ya kupita kwenye vioo. Kitandani ikasoma −64. Kilichonunuliwa ni waya wa mita chache na misumari ya kuubania ukutani.

Ndiyo maana nasisitiza utembee na simu kabla hujatoa pesa. Iweke ruta karibu na katikati ya nyumba, juu kiasi cha kifua au zaidi, nje ya kabati. Antena zake, kama zinaonekana, hurusha mawimbi pembeni kuliko kule ncha inakoelekea. Nyumba ya chini tu, zisimamishe wima. Ukiwa na ghorofa, laza moja, ili ubavu wake uangalie juu. Ukiiweka ruta sakafuni, sehemu kubwa ya mawimbi yake inapotelea kwenye miguu ya viti. Na usitarajie kuhesabu kwa akili mawimbi yatakwenda wapi: yanagonga kuta, yanarudi, yanakutana, mengine yanaongezana nguvu na mengine yanauana. Ndiyo sababu kusogeza simu kwa kiganja kimoja kunaweza kubadili namba. Pima, sogeza, pima.

Kuna hali nyingine. Mawimbi yanafika vizuri, −50 kila chumba, lakini ikifika usiku kila kitu kinakwama. Hapo usihangaike na nguvu, tatizo ni msongamano.

Masafa ya gigahezi 2.4 hayakupewa Wi-Fi kwa sababu ya ubora wake. Yalikuwa yametengewa mashine za viwandani, za kisayansi na za kitabibu, na ndiko majiko ya maikrowevu yanakofanyia kazi, kwenye gigahezi 2.45. Kwa mawasiliano ya maana yalionekana jalala. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vifaa vya mawasiliano viyatumie bila leseni, mradi vivumilie kelele za humo. Kiwango cha kwanza cha 802.11, yaani kanuni za kiufundi za Wi-Fi, kikatoka mwaka 1997 kikiwa na kasi ya juu ya megabiti 2. Leo humo humo zimejazana ruta, spika za Bluetooth, kipanya kisicho na waya, kamera, kengele za mlangoni, na jiko la jirani likipasha moto.

Wazo la vifaa vingi kutumia masafa mamoja bila mtu wa kuwapangia ni la zamani kuliko Wi-Fi. Huko Hawaii, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu waliunganisha visiwa kwa redio mwaka 1971 katika mtandao ulioitwa ALOHAnet: kila kituo kilirusha kilipotaka, na ujumbe ukigongana na wa mwenzake, kinangoja muda wa kubahatisha kisha kinarudia. Wi-Fi imeongeza adabu kidogo. Kila kifaa husikiliza kwanza, kikikuta kimya ndipo kinasema. Ni kikao kisicho na mwenyekiti: anayesema ni mmoja, wengine wananyamaza, na msemaji wa polepole anakula muda wa kila mtu.

Huyo msemaji wa polepole ndiye watu hawamfikirii. Kompyuta kuukuu iliyoko chumba cha mwisho, inayopata −80, hulazimika kurusha kwa kasi ya chini ili isikike. Ujumbe ambao simu yako ingeutuma kwa kufumba na kufumbua, yenyewe inauchukulia muda mrefu kupita kiasi, na muda wote huo wewe uliyeketi mita moja kutoka kwenye ruta unasubiri. Kwa hiyo kuirekebisha ile ya mbali kunawasaidia hata wa karibu. Jirani aliye kwenye chaneli yako, yaani kipande kilekile cha masafa, naye yumo kikaoni, hata kama hamjuani pasiwedi.

Masafa ya 2.4 yana chaneli 13 katika nchi nyingi, 11 Marekani, lakini usidanganyike na wingi huo. Zimepishana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila ruta inatumia upana wa 20. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Wapo wajanja wanaojificha chaneli ya 3 kwa kuwa wameikuta tupu. Matokeo yake wanasumbuliwa na wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na wao wanawasumbua wote wawili, tena bila kusikilizana vizuri kiasi cha kupeana zamu. Bora kukaa chaneli moja na jirani mnayesikiana kuliko kupandana nusunusu. Na kwenye 2.4 acha upana wa 20. Ukiweka 40 unajitwalia karibu nusu ya masafa yote halafu unashangaa mbona kuna kelele.

Gigahezi 5 ndiko kwenye nafasi. Chaneli ni nyingi, na ule udhaifu wake wa kushindwa na kuta unageuka faida, maana mawimbi ya jirani nayo hayavuki kirahisi kuja kwako. Mimi huvihamishia huko vyote vinavyoweza. Taa za kuwashwa kwa simu na kamera za bei nafuu huwa zinaelewa 2.4 tu, hizo ziache huko, hazihitaji kasi. Ikitokea ruta yako inapotea hewani ghafla kwa dakika moja hivi kisha inarudi, tena kwenye gigahezi 5 pekee, angalia iko chaneli gani: zile za 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na ruta ikihisi rada inatakiwa iondoke mara moja. Ihamishie 36 hadi 48 na utasahau.

Nyumba ikiwa kubwa au kuta zikiwa za zege, ruta moja haitatosha hata uiweke wapi. Hapo ndipo watu hukimbilia ripita, kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya umeme. Sivipendi. Vingi vya aina hiyo hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kila kitu kinasemwa mara mbili na kasi inakatika nusu. Na watu hukichomeka kulekule mawimbi yalikokufa, wakitegemea kifufue kisichokuwepo. Kama huna budi, kichomeke katikati ya safari, mahali ambapo simu bado inasoma −60 na kitu. Mifumo ya meshi, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, ni afadhali, hasa yenye redio ya tatu ya kuongea yenyewe kwa yenyewe, lakini nayo ikitegemea hewa tu inabaki na kasoro hiyohiyo kwa kiasi.

Ushauri wangu ni wa kizamani: pitisha waya. Waya wa daraja la Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, hausumbuliwi na kioo, na hauna zamu ya kungoja. Upitishe kwenye kona ya dari au nyuma ya ubao wa chini ya ukuta, upande wa pili ufunge ruta ya pili iliyogeuzwa kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Zile ruta kuukuu zinazolala kwenye droo mara nyingi zina mpangilio huo. Ukiuwasha, ruta inaacha kugawa anwani, zile namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao, na kuiachia kazi hiyo ruta kuu. Ukisahau hatua hii utakuwa na ruta mbili zinazogawa anwani nyumba moja, na hilo ni balaa la aina nyingine. Televisheni na kompyuta ya mezani hazitembei, hivyo nazo zichomeke kwa waya. Televisheni ikitoka hewani, hasa jioni, simu za nyumba nzima zinapata nafasi ya kupumua.

Usalama nitausema harakaharaka kwa sababu kazi yake ni ya jioni moja. Andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kwenye kivinjari, ile iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, uingie kwenye mipangilio. Pasiwedi ya kuingilia hapo ni tofauti na ile ya Wi-Fi, na ndiyo ya kubadili kwanza. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilitwaa kamera na ruta duniani kote kwa kujaribu tu orodha fupi ya pasiwedi za kiwandani, kisha jeshi hilo la vifaa likatumika kuangusha huduma ya Dyn, kampuni iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao, na tovuti kama Twitter zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Wenye kamera hizo wengi hawakujua lolote.

Kwa upande wa Wi-Fi, kwenye aina ya ulinzi wa pasiwedi chagua WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali, la sivyo WPA2. WEP, ulinzi wa zamani, ilishavunjwa tangu 2001, kama ruta yako haina kingine itoe. Zima WPS ya namba, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa tarakimu badala ya pasiwedi: mwaka 2011 ilibainika kwamba tarakimu zake 8 hukaguliwa kwa mafungu mawili na ya mwisho ni ya kuhakiki tu, kwa hiyo mvamizi hahitaji kubahatisha zaidi ya mara 11,000 hivi. Pasiwedi yenyewe iwe sentensi ndefu unayoweza kumsomea mgeni bila kurudia mara tatu. Urefu unalinda kuliko alama za ajabuajabu. Kuficha jina la mtandao ni kupoteza muda. Anayetaka kulijua atalipata kwa programu ya bure, na simu zako zitakuwa zinauita kwa jina kila ziendako.

Washa mtandao wa wageni. Wageni waweke humo, lakini pia kamera, taa na televisheni, ili kimoja kikivamiwa kisiweze kuifikia kompyuta yenye nyaraka zako. Angalia pia kama ruta bado inapokea masasisho kutoka kwa mtengenezaji wake. Ikiwa sasisho la mwisho lilitoka miaka mingi iliyopita, hiyo ndiyo sababu ya kununua nyingine, hata kama taa zake bado zinawaka. Na kabla hujampa mtu ile ya zamani, ingiza sindano kwenye kile kitundu cha nyuma, bonyeza kwa sekunde kumi hadi taa zote zipepese, maana ndani yake bado kuna pasiwedi ya nyumba yako.